Steringi Asemaye Hajali

Juma hili naomba niwasemee mtu ambaye hakuzaliwa na mama yeyote. Hana kaburi wala ukoo, na hata mkienda kuusaka mji alimofanyia vituko vyake hamtamkuta. Ni mtu wa kwenye picha za sinema. Lakini nimeonana naye mara nyingi kuliko ninavyoonana na baadhi ya jamaa zangu, na kwa muda mrefu nimekuwa na hamu ya kumtetea, kwa sababu naona anasingiziwa. Wazee wanasema ndiye aliyewafunza vijana kubeza kila kitu. Vijana nao wanasema ndiye mwerevu kuliko wote, maana haamini lolote. Wote hao, kwa maoni yangu, hawakumtazama vizuri.

Mnamjua sana. Tuliozoea majumba ya sinema humwita steringi, yule ambaye kila mtoto wa mtaani anajua kwamba hafi. Ila huyu ninayemsema hafanani na masteringi wengine. Wale huingia kwenye picha wakiwa na nguvu na nia njema. Huyu anaingia amechoka tayari. Koti limekunjamana, sigara iko mdomoni, macho ni kama ya mtu aliyekesha matangani. Mwambie habari za haki, atacheka kwa puani. Mwambie habari za taifa, atauliza linalipa shilingi ngapi. Habari za mapenzi ndizo usimguse nazo kabisa. Halafu, zikiwa zimebaki dakika kumi picha iishe, unashtukia mtu huyo huyo anatupa kila alichonacho kwa ajili ya jambo alilokuwa akilidhihaki tangu mwanzo.

Wengi wetu tunatoka ukumbini tukiamini kwamba ameongoka. Nasema hakuongoka, kwa kuwa hakuwa amepotea. Sisi ndio tuliosikiliza mdomo wake tukasahau kutazama mikono.

Mtu huyu alipata sura yake huko Marekani, katika miaka ya ulevi wa magendo na njaa iliyofuata. Waliompa uhai walikuwa waandishi wa hadithi za upelelezi za bei rahisi, na mkubwa wao alikuwa Dashiell Hammett, ambaye kabla ya kushika kalamu alikuwa mwenyewe mpelelezi wa kukodiwa katika kampuni ya Pinkerton. Mwaka 1930 kilitoka kitabu chake, The Maltese Falcon, na mwaka 1941 John Huston akakigeuza picha, Humphrey Bogart akiwa mpelelezi Sam Spade. Spade ana mshirika asiyempenda, na wala hamwonei haya, kwani anatembea na mke wake. Mshirika anauawa. Spade anakuja kugundua kwamba muuaji ni mwanamke ambaye yeye mwenyewe amemwangukia kimapenzi, na anamkabidhi kwa polisi. Anapoulizwa sababu, hatoi hotuba juu ya haki. Anazungumza kama mwenye duka: mtu mnayefanya naye kazi akiuawa, inakubidi ufanye jambo, umpende usimpende; ukimwachia muuaji aende zake, ni vibaya kwa kazi yenyewe na kwa kila mpelelezi.

Lugha yetu ina neno linalomfaa Spade: mwiko. Dini haitaji, sheria anaidharau, serikali anaicheka, lakini ana mwiko. Mzee akikuambia kwamba kwao hawali mnyama fulani, humdai falsafa. Mwiko haukai katika maneno, unakaa katika kile ambacho mkono unakataa kukigusa.

Lakini Spade ni mlango tu. Aliyenileta hapa leo ni Rick Blaine, mwenye mkahawa katika picha ya Casablanca ya mwaka 1942, naye pia akichezwa na Bogart. Mambo ya picha ile yanatokea Desemba 1941 mjini Casablanca, Morocco ikiwa mikononi mwa Wafaransa wa serikali ya Vichy, ile iliyokuwa imekwisha kumpigia Hitler magoti. Mji umejaa wakimbizi wa Ulaya wanaotafuta hati za kwenda Lisbon, ili kutoka huko wavuke bahari kwenda Marekani. Wapo wenye fedha, wapo wenye vito vya bibi zao, na wapo wasiokuwa na kitu ila miili yao, na polisi wanajua bei ya kila kimoja. Rick anauza pombe, muziki na kamari. Hanywi na wateja. Mhalifu mmoja mdogo anamwachia hati za safari zilizoporwa kwa wajumbe wawili wa Kijerumani waliouawa, kisha anakamatwa mle mle mkahawani huku akimlilia Rick amfiche. Rick hanyoshi hata kidole. Anasema yeye hajitii kitanzi kwa ajili ya mtu yeyote.

Mtazamaji hapo ameshapiga muhuri: huyu ni jiwe. Lakini mkuu wa polisi, Kapteni Renault, Mfaransa mcheshi na mla rushwa wa daraja la kwanza, hakubali, kwa kuwa yeye amesoma faili. Anamkumbusha Rick kwamba mwaka 1935 alipeleka bunduki Uhabeshi kwa magendo, na mwaka 1936 alipigana Uhispania upande wa serikali ya jamhuri. Rick anajibu kwamba mara zote mbili alilipwa vizuri. Renault anamwambia kwamba upande ulioshinda ungemlipa vizuri zaidi.

Nimeitazama picha hiyo mara nyingi, na kila mara naona kwamba yote yaliyobaki yamo katika majibizano hayo. Ni mfanyabiashara gani huyu, ambaye kila akifungua duka analifungua upande wa wanaopigwa? Mtu asiyeamini kitu kweli hapotezi namna hiyo. Hesabu zake humpeleka penye fedha, na penye fedha ndipo penye nguvu.

Naomba nikae kidogo Uhabeshi, maana watazamaji wa Ulaya na Marekani hulipita neno hilo kama jina la kituo cha basi. Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yaliingia nchi ile, na baadaye yakamwaga gesi ya sumu juu ya askari na wanavijiji. Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, liliweka vikwazo dhidi ya Italia, lakini mafuta hayakuwamo, na Mfereji wa Suez ukaachwa wazi kwa meli za wavamizi. Marekani ilikuwa imetunga sheria Agosti ya mwaka huo huo ya kutoelemea upande wowote, ikapiga marufuku kupeleka silaha kwa Italia na kwa Uhabeshi pia. Usawa mzuri kweli, baina ya nchi yenye viwanda vya bunduki na nchi isiyokuwa navyo! Kwa hiyo Mmarekani aliyepeleka bunduki kule alikuwa akivunja sheria ya kwao. Picha haisemi ni kwa nini Rick hawezi kurudi Marekani; inatuachia tukisie. Mimi hukisia Uhabeshi, na hakuna wa kunikataza.

Lipo jambo jingine. Picha inazihesabu safari zile mbili kama hasara. Kuhusu Uhispania ni kweli. Wamarekani kiasi cha 2,800 walikwenda kuitetea jamhuri ile kwa hiari yao, na ilipofika mwaka 1939 Franco, akisaidiwa na Hitler na Mussolini, alikuwa amekwisha kuizika. Lakini tazameni kalenda. Haile Selassie aliingia tena Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941, na miongoni mwa waliowang'oa Waitalia walikuwamo askari wetu wa Keya, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, waliotokea kaskazini mwa Kenya, wakapitia Somalia, wakapanda milima ya Uhabeshi wakiamrishana kwa Kiswahili. Wapo wanaonisikiliza saa hii ambao babu zao walikuwamo. Sasa, mambo ya mkahawani yanatokea Desemba 1941. Ina maana upande wa kwanza aliouchagua Rick ulikuwa umeshinda miezi saba nyuma! Renault hakulisema hilo, na Rick naye hakulidai. Ama waandishi hawakulikumbuka, ama Hollywood haikuona kwamba ushindi ule, ambao sehemu yake kubwa ilibebwa na Waafrika, unafaa kuingizwa katika hesabu.

Turudi mkahawani. Yuko msichana wa Kibulgaria, ameolewa juzi tu, naye anamwendea Rick kumwuliza swali la ajabu: je, Kapteni Renault ni mtu wa kutimiza ahadi? Swali linaeleweka. Mkuu wa polisi amekubali kuwapa viza yeye na mumewe, na malipo ni yeye msichana kwa usiku mmoja. Mume hajui, yuko chumba cha pili akipoteza senti zao za mwisho kwenye gurudumu la kamari. Rick anamjibu kwa ukali, anamwambia arudi kwao Bulgaria. Kisha anakwenda kwenye gurudumu, anasimama nyuma ya yule kijana na kumwambia aweke kwenye namba 22. Inatoka 22. Anamwambia aache hapo hapo. Inatoka 22 tena. Anamwambia achukue fedha zake na asirudi tena mahali pale. Msichana anamkimbilia kumshukuru, Rick anamkwepa. Wafanyakazi wanamzunguka kwa furaha, anawafukuza. Mtu aliyekamatwa akiiba hana haya kama alizokuwa nazo Rick usiku ule kwa kukamatwa akitenda wema.

Na kuna mpiga piano, Sam. Aliyemcheza, Dooley Wilson, alikuwa mtu mweusi wa zaidi ya miaka hamsini, lakini Ilsa, yule bibi mzuri wa picha, alipoulizia habari zake alimwita boi. Neno hilo tunalijua sisi. Liliitwa katika majumba ya wakubwa kutoka Mombasa hadi Elisabethville. Tajiri Ferrari, anayetawala magendo ya mji, anataka kumnunua Sam kama anunuavyo kasha la sigara. Rick anamwambia yeye hauzi watu wala hanunui watu. Baadaye, anapomwuzia Ferrari mkahawa wenyewe, anataja sharti: Sam abaki na asilimia 25 ya faida, kama ilivyo sasa. Ferrari anatabasamu. Anajua kwamba Sam hupata asilimia 10, ila anakubali kwamba anastahili 25. Hivyo Rick, usiku anaofunga vitabu vyake, anasema uongo wa asilimia kumi na tano kwa faida ya mfanyakazi wake, bila kumwambia mtu. Nadhani hakuna kipande katika picha nzima kinachonifurahisha kuliko hicho, na kinapita kwa sekunde chache tu.

Wengi hukikumbuka kipande kingine. Maofisa wa Kijerumani wanaimba wimbo wao mkahawani kwa kiburi. Victor Laszlo, mpinzani wa Manazi na mume wa Ilsa, anaiamuru bendi ipige wimbo wa taifa wa Ufaransa. Wanamuziki wanamtazama mwenye mkahawa. Rick anatikisa kichwa kidogo, kukubali, basi. Ukumbi mzima unasimama na kuwazima Wajerumani kwa sauti. Machozi mnayoyaona pale hayakuwa yote ya kuigiza. Madeleine Lebeau, anayemcheza yule Yvonne analiaye, alikimbia Paris Juni 1940 na mumewe Marcel Dalio, Myahudi. Walipita Lisbon na viza za Chile mkononi, na baharini huko wakagundua kwamba viza walizozinunua zilikuwa za bandia. Katika picha Dalio ndiye msimamizi wa lile gurudumu la kamari. Na yule Meja Strasser, Mnazi mwenye macho ya barafu, alichezwa na Conrad Veidt, Mjerumani aliyeihama nchi yake pamoja na mkewe Myahudi Hitler alipochukua madaraka. Waigizaji wakimbizi wakiigiza ukimbizi, katika studio ya California, huku jamaa zao wakiendelea kukamatwa ng'ambo.

Hata hivyo mapenzi yasitufanye vipofu. Mji ni Casablanca, lakini Wamoroko wako wapi? Wanapita nyuma na punda na kanzu zao. Bawabu anaitwa Abdul, na aliyemcheza alizaliwa Chicago. Wimbo wa uhuru unaimbwa katika nchi ambayo Wafaransa waliitwaa kwa mkataba wa mwaka 1912, na ambayo ilingoja hadi mwaka 1956 kujitawala. Picha inakwisha Rick na Renault wakienda zao Brazzaville, kwenye kambi ya Wafaransa huru wa de Gaulle. Ni kweli kwamba Brazzaville ilikuwa makao yao, na ni kweli kwamba aliyeitawala Afrika ya Ikweta ya Kifaransa kutoka mji ule alikuwa mtu mweusi, Félix Éboué, aliyekuwa gavana wa kwanza wa makoloni kumwunga mkono de Gaulle, mwaka 1940. Lakini mwaka 1944 Wafaransa hao hao huru walifanya mkutano Brazzaville juu ya mustakabali wa makoloni, na wakaandika kwamba kujitawala hakufikiriwi. Laiti Rick angekuwapo kwenye baa ya hoteli siku hizo, angekuwa na neno la kusema kwa puani.

Sasa nije kwa wale wanaojifananisha naye. Mabarazani kwetu hakukosekani bwana mmoja ambaye kila likitajwa jambo la umma anasonya. Siasa ni uchafu, wote wezi, mimi simo. Anavuta sigara vizuri kabisa, hata macho anayalegeza kisteringi. Kabla hujampa heshima ya Rick, mwulize amepoteza nini na wapi. Rick alichoka kwa sababu alikwenda. Alikwenda Uhabeshi, alikwenda Uhispania, akampenda mwanamke Paris, akaachwa kwenye stesheni ya treni mvua ikimnyeshea. Bwana wetu amechoka bila safari. Tena ukichunguza, maneno yake yana kazi: wote wakiwa wezi, naye hana kosa akichukua kidogo. Rick anatumia ukali wa mdomo kuficha wema. Huyu anautumia kufichia mfuko.

Picha yenyewe inatuonyesha tofauti hiyo, kwa kuwa Renault naye ni mcheshi, naye amechoka, naye anawabeza wote. Anakiri waziwazi kwamba yeye huelekea unakovuma upepo, na kwa sasa upepo unatoka Vichy. Bendera fuata upepo, kama tusemavyo sisi. Anaufunga mkahawa kwa kisingizio kwamba ameshtushwa kugundua kuna kamari, na wakati huo huo anakabidhiwa fedha alizoshinda kwenye kamari hiyo. Mwishoni Rick anapompiga risasi Strasser, Renault anaamua kutomkamata, na watazamaji humpigia makofi. Mimi humpigia kwa mkono mmoja. Alihama Strasser akiwa tayari chini. Lakini nakubali angeweza kusema neno moja tu na Rick akanyongwa, na hakulisema.

Wenzangu wa pwani watasema nimekwenda mbali kutafuta mtu ambaye tunaye katika picha za Kihindi. Kweli. Katika Deewaar ya mwaka 1975, Amitabh Bachchan ni Vijay, mtu wa magendo aliyegombana na Mungu, ambaye mama yake akiingia hekaluni yeye hubaki nje kwenye ngazi. Lakini kifuani ana kipande cha shaba cha kuli wa bandarini, namba 786, alichoambiwa na mzee Mwislamu kwamba kina baraka, na hakitupi. Kwetu hakuna aliyehitaji kuelezwa namba hiyo ina maana gani. Na tangu akiwa mtoto mpiga viatu rangi alikuwa na mwiko: fedha aliyotupiwa chini haokoti. Tofauti yake na Rick ni kwamba Vijay anaelemewa na maovu yake na anayalipia kwa roho. Ni steringi aliyekufa, na ukumbi ulilia.

Kuna swali ambalo msikilizaji ana haki ya kuniuliza. Hayo yote ni ya kwenye pazia jeupe. Mtu anatoa mkahawa, mpenzi na usalama wake, kisha mwigizaji anakwenda kula chakula cha usiku. Ikija kweli, wanafanyaje?

Ilikuja. Oktoba 1947 Kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikisaka Wakomunisti ilianza kuwahoji watu wa sinema. Bogart, mkewe Lauren Bacall, John Huston na nyota wengine walipanda ndege kwenda Washington kupinga, wakisema mtu asiulizwe siasa zake kama sharti la kupata kazi. Waandishi na waongozaji kumi wakakataa kuijibu Kamati, wakashtakiwa, na baadaye wakafungwa. Wenye makampuni ya filamu walitetemeka, magazeti yakanguruma, na kabla ya mwaka kwisha Bogart alitangaza kwamba safari yake haikuwa ya busara. Mwaka uliofuata akaandika katika gazeti la sinema kueleza kwamba yeye si Mkomunisti. Mimi simcheki. Ukiondoa waandishi wa kumtungia maneno, mtu hubaki na woga wake kama wengine. Lakini mnaona mambo yalivyopinduka: hapa mdomo ndio uliokuwa shujaa, na mkono ukarudi nyuma.

Carl Foreman naye alikuwa akiandika High Noon, picha ya mwaka 1952 ya mkuu wa usalama wa mji mdogo ambaye wauaji wanamjia na kila rafiki anafunga mlango. Foreman aliitwa mbele ya Kamati mwaka 1951, picha ikiwa bado inapigwa. Alikataa kutaja majina ya wenzake, akahamia Uingereza. Katika picha ile Gary Cooper anapomaliza kazi yake anaivua nyota ya chuma kifuani na kuitupa mavumbini mbele ya watu wa mji. Baadhi ya wasikilizaji wetu wameiona kazi nyingine ya watu wale bila kujua. Born Free, ile picha ya mwaka 1966 ya simba Elsa iliyopigwa Kenya, ilisimamiwa na Foreman huyo huyo, na mwandishi wake alikuwa Lester Cole, mmoja wa wale kumi waliofungwa. Jina lake halikuonekana. Alitumia jina la bandia.

Nimemwacha Hammett mwisho, yule mpelelezi aliyetubunia Spade. Vita ya pili ilipofika alijiandikisha jeshini kama askari wa kawaida, akiwa na miaka 48 na mapafu yaliyokwisha kuliwa na kifua kikuu. Baada ya vita aliwekwa kuwa mwenyekiti wa mfuko uliotoa dhamana kwa watu walioshtakiwa kwa siasa zao. Mwaka 1951 viongozi kadhaa wa chama cha Kikomunisti waliodhaminiwa na mfuko huo walitoroka, na mahakama ya New York ikamwita Hammett ataje waliochangia fedha. Aliulizwa swali baada ya swali, akakataa kujibu yote. Alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama, na akiwa jela alipewa kazi ya kusafisha vyoo. Alitoka akiwa mgonjwa, vipindi vya redio vilivyotokana na vitabu vyake vimeondolewa hewani, serikali ikimdai kodi.

Lillian Hellman, mwandishi aliyeishi naye miaka mingi, alieleza baadaye kwamba Hammett hakuwa na habari hata ya jina moja. Alikuwa mwenyekiti wa jina tu, na ofisini kwenyewe hakuwa amepata kuingia. Angeweza kumwambia hakimu, "Sijui," likawa neno la kweli, na jioni akalala kwake.